Land Rover Yako Inayumba Kwenye Lami? Anzia Kwenye Matairi

Mara ya kwanza nilipoendesha Land Rover 110 yangu kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, nilifika Ruaha Mbuyuni mabega yamekakamaa kama ya mtu aliyeshinda akipasua kuni. Injini haikuwa na kasoro. Gari lilikuwa halishiki njia tu. Ukinyoosha usukani linachepuka kushoto, ukilirudisha linapitiliza kulia, likipishana na lori upepo unalitikisa, na wewe kazi yako ni kulibembeleza lisiingie porini. Ndani ya Mikumi, ambako wenzangu walipunguza mwendo watazame swala, mimi nilipunguza ili nipumzishe mikono.

Kila niliyemsimulia alinijibu jibu moja: "Ndiyo Land Rover hiyo, ndugu yangu. Ukitaka raha nunua gari dogo." Jibu hilo niliishi nalo karibu mwaka mzima, na leo naandika kulipinga. Gari hili lilipotoka kiwandani lilikuwa refu kwenda juu, zito, na lenye kuinama kwenye kona, lakini kwenye barabara iliyonyooka lilikwenda limenyooka. Kuinama ni umbile lake. Kuyumba ni ugonjwa. Mwenye gari asiyetofautisha hayo mawili hununua vifaa vya kutibu umbile huku ugonjwa ukiendelea kumla.

Tuanze na umbile, kwa kuwa halina mengi. Tangu 1983 Land Rover ndefu ilipoanza kutoka na springi za koili badala ya zile za vyuma bapa, ilipewa ekseli nzima nzima mbele na nyuma, na springi ndefu zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Gurudumu moja linaweza kuzama kwenye shimo na mengine matatu yakaendelea kugusa ardhi. Ulaini huohuo unaolibeba gari kwenye mawe ndio unaolifanya liinamie upande kwenye mzunguko wa lami. Lina urefu wa kwenda juu wa kama mita mbili, na ubavu wake ni ukuta: upepo wa Makambako ukilipiga, lazima ulisikie. Hayo yapokee. Yanayobaki yana dawa, na nyingi ya dawa hizo ni rahisi kuliko unavyodhani.

Ya kwanza ni upepo wa matairi. Najua unasema upepo wako uko sawa. Nenda kapime kwanza, asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima. Kwa 110 yenye matairi ya 7.50R16 au 235/85R16, kitabu cha gari kinataka paundi 28 mbele na 48 nyuma. Kama kitabu au kibandiko cha gari lako kinasema vingine, fuata hicho. Kinachonishangaza ni kwamba kwenye vituo vyetu vya kujaza upepo kijana hukuuliza, "Niweke arobaini, mzee?" na sisi tunaitikia, arobaini kote. Mbele kukiwa na arobaini, tairi linakanyaga kwa katikati tu, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na gari linaruka kila kibonde. Nyuma nako kukiwa chini ya kiasi huku umepakia watu na magunia, mbavu za tairi zinapindapinda na mkia unaogelea. Tofauti kubwa ya upepo kati ya mbele na nyuma isikutishe. Gari hili liliumbwa kubeba mzigo nyuma, na tofauti hiyo husaidia mkia usitangulie kuteleza kwenye kona. Ukishatembea mpaka Chalinze tairi likapata moto, kipimo kitapanda chenyewe paundi kadhaa. Usizitoe. Kipimo cha kweli ni cha tairi la baridi.

Ya pili ni tairi lenyewe. Tazama ubavuni kama kuna herufi R katikati ya vipimo. 7.50R16 ni radiali, yaani nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, 7.50-16 bila R ni tairi la nailoni lenye nyuzi zilizopishana mshazari. La nailoni ni gumu na linavumilia mawe, lakini kwenye lami yenye mifereji ya malori hufuata kila ufa kama mbwa anayenusa. Usiweke aina mbili kwenye ekseli moja hata kwa safari ya siku moja. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Magari ya namna hii hayatembei sana, kwa hiyo utaona kashata za tairi bado ndefu na mwenye gari anajisifu, kumbe mpira umezeeka na kukauka. Mimi likishapita miaka sita namwita fundi alikague kila mwaka, na likifika kumi linatoka, hata kama lina sura ya jana.

Halafu kuna suala la sura. Matairi ya matope yenye kashata kubwa kama matofali yanapendeza kwenye picha. Lakini kila kashata ni kidole cha mpira kinachopinda kabla tairi halijashika, na ndiyo maana ukikata usukani gari hujibu baadaye kidogo, kama mtoto aliyeitwa akijifanya hajasikia. Kama safari zako tisa kati ya kumi ni za lami na rafu rodi iliyochongwa vizuri, nunua matairi ya mchanganyiko na uwaachie matope wenye mashamba bondeni. Upana nao una gharama yake. Tairi la 265/75R16 lina kimo karibu sawa na la 235/85R16, kama sentimita 80, lakini upana wa ziada hulifanya liparamie kuta za ile mifereji ambayo malori yameichimba kwenye lami ya moto. Jembamba hupita katikati. Na kwa kuwa Land Rover hizi huendesha magurudumu yote manne muda wote, matairi yote manne yalingane kimo. Mapya mawili mbele na vipara viwili nyuma, difu ya kati inafanya kazi mchana kutwa bila sababu.

Ukimaliza matairi, piga balansi, kisha endesha. Kwa magari mawili kati ya matatu niliyosaidia kuyachunguza, nusu ya malalamiko iliishia hapo.

Nusu iliyobaki iko chini ya gari, na hapa ndipo nilipopotea. Gereji ya kwanza niliyokwenda, nilieleza usukani unavyotetemeka nikigonga shimo, wakanifungia dampa mpya ya stelingi. Dampa ni kama shokapu ndogo iliyolazwa kando ya vyuma vya usukani. Kazi yake ni kupunguza mshtuko unaopanda hadi mikononi. Mtetemo ulipungua kweli. Kwa miezi miwili nilijiona nimepona, hadi siku moja nikipanda Kitonga mkono wa kulia ukaanza kucheza peke yake. Nilifika Iringa mwendo wa arobaini, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee ambaye gereji yake ni mwembe na mashimo mawili ya kuingilia chini ya gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii dampa umeifunga juzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mficha maradhi," akasema, hakuimaliza. Akamwita kijana wake apande kwenye usukani.

Alichofanya baada ya hapo naomba ukijifunze, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Gari lilisimama kwenye ardhi tambarare, matairi yote chini, kabari mbele na nyuma. Kabari ni lazima, kwa sababu handbreki ya Land Rover hii inashika shafti ya nyuma badala ya magurudumu, na gari hucheza hata ikiwa imevutwa. Injini ikawashwa ili pawa ya usukani ifanye kazi. Kijana akawa anazungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, taratibu, upana wa kiganja tu. Mzee akalala chini na kuanza kupapasa viungo kimoja baada ya kingine, kidole kimoja juu ya chuma hiki na kingine juu ya chuma kinachofuata. Kiungo kizima, vyuma viwili huondoka pamoja. Kiungo kilichokufa, kimoja huondoka na cha pili hufuata baadaye. Kidole kinahisi plei ambayo jicho haliioni.

Kwenye 110 fuata njia hii: anzia kwenye yunivesali jointi mbili za shafti ya usukani, njoo kwenye stelingi boksi, tazama boksi lenyewe kama linahama juu ya chesisi (bolti zake hulegea, na chesisi hupasuka pale), teremka kwenye kiungo cha mkono unaotoka kwenye boksi, fuata chuma kirefu kinachokwenda kwenye gurudumu, kisha kile kinachounganisha magurudumu mawili. Viungo vya mpira wa chuma, yaani boljointi, ni vinne kwa jumla. Kisha, na hiki wengi hukiruka, tazama chuma cha mlalo kinachotoka chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Mafundi hukiita panhadi. Kazi yake ni kuizuia ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi zake zikiisha, ukikata usukani ekseli nzima huhama kwanza, magurudumu hugeuka baadaye. Kwenye gari langu bushi moja ya panhadi ilikuwa imebaki kama ganda la chungwa. Kifaa cha bei ya chakula cha mchana cha familia ndicho kilichoninyima usingizi mwaka mzima.

Baada ya hapo pandisha upande mmoja wa mbele kwa jeki, na uweke stendi imara chini ya ekseli. Tofali si stendi. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukisikia plei, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Plei ikipotea, beringi za gurudumu zimelegea, kwa kuwa breki imezifunga pamoja. Plei ikibaki, tatizo ni kingpini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia kushoto na kulia. Kisha shika kushoto na kulia. Plei ya hapo, kama haikuonekana juu na chini, mara nyingi ni ya viungo vya usukani. Kingpini zilizolegea ndizo mama wa ule mtetemo wa kutisha, ambapo ukigonga tuta kwenye mwendo wa 70 usukani hupigapiga mkono mpaka usimamishe gari. Zinakazwa kwa kupunguza vishimu vyembamba vilivyo juu yake. Fundi anayejua huvuta kwa mizani ya springi kupima ugumu wake, anayebahatisha hukaza mpaka aridhike.

Sasa neno juu ya ile skrubu iliyo juu ya stelingi boksi. Kila kijana wa gereji anaijua, na kila mmoja akisikia usukani una plei huikimbilia na bisibisi. Ni ya mwisho kuguswa, viungo vyote vikiwa vizima. Ikikazwa kupita kiasi, boksi linabana pale katikati, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva analazimika kuurudisha kwa mkono kila mara. Gari linakuwa linayumba kwa sababu mpya. Ukikuta usukani wa gari ulilonunua unabana katikati na umelegea pembeni, jua kuna mtu alishapita na bisibisi.

Nyuma nako kuna usukani, ingawa hauuoni. Ekseli ya nyuma ya 110 imeshikwa na mikono miwili ya chini na chuma kimoja chenye umbo la herufi A kwa juu, kinachoishia kwenye boljointi katikati ya ekseli. Bushi za mikono hiyo zikichoka, au boljointi ile ikilegea, ekseli hugeuka kidogo kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Dalili yake ni ya kipekee: ukikanyaga mafuta gari linaelekea upande mmoja, ukiachia linaelekea upande wa pili, mikono yako ikiwa haijasogea. Nimeona watu wakibadilisha kila kitu cha mbele kwa ugonjwa wa nyuma.

Ukibadilisha bushi, kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Bushi ya mpira haizunguki. Inajikunja, kama kitambaa kilichoshikwa ncha zote. Ukikaza bolti zake gari likiwa limening'inia kwenye jeki, umeifunga mahali ambapo si pake. Ukishusha gari inabaki imejisokota, siku zote inavuta, na baada ya miezi michache imekatika. Ingiza bolti, kaza kwa mkono, shusha gari likae kwa miguu yake, litikise kidogo, ndipo ukaze kabisa. Na hizi bushi ngumu za rangi rangi zinazouzwa kwa jina la poli, zifikirie mara mbili. Kwenye panhadi zinafaa. Kwenye mikono inayoshika ekseli ya mbele, ekseli inahitaji bushi ipinde ili gurudumu moja lipande peke yake, na bushi isiyopinda huhamishia mzigo kwenye chuma.

Vyote vikiwa vizima, na si kabla, ndipo uende alaimenti. Kupeleka alaimenti gari lenye viungo vilivyolegea ni kupima nguo kwa mtoto anayekimbia. Mwambie fundi wa mashine kwamba gari hili si Corolla. Yeye amezoea magari ambayo pua za matairi ya mbele zinaingia ndani kidogo. Land Rover hii inataka ziwe sambamba au zitoke nje kidogo, kati ya sifuri na milimita 2, kwa sababu magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Kama huko uliko hakuna mashine, chukua chaki na futi. Egesha gari mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Chora alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Pima kati ya alama mbili. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele, kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo unayoitafuta. Mimi nimefanya hivyo nje ya nyumba ya wageni Mafinga, nikatofautiana na mashine kwa milimita moja tu.

Mashine itakuonyesha pia namba iitwayo kasta, pengine kwa rangi nyekundu, na fundi atakuambia hairekebishiki. Anasema kweli, kwa vifaa alivyonavyo. Tazama baiskeli: uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji, na ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Land Rover yako ina mlalo huohuo kwenye kingpini, kama digrii 3. Si nyingi. Sasa mtu akija na springi ndefu za inchi mbili ili gari lionekane la kishujaa, mikono ya ekseli inashuka, ekseli inazunguka, na sehemu kubwa ya zile digrii tatu inaondoka. Gari halitaki tena kunyooka lenyewe. Ndiyo sababu Land Rover nyingi zilizoinuliwa hutangatanga barabarani, na wenyewe wanalaumu matairi. Kuna bushi za kurekebisha na mikono iliyopindwa maalumu kwa kazi hiyo, lakini kwa gari la lami ushauri wangu ni mfupi: rudisha springi za kimo cha kiwandani. Utaokoa fedha, na mama yako ataweza kupanda bila stuli.

Wenye Land Cruiser za zamani za springi za vyuma bapa mbele na nyuma, kama HZJ75, mengi ya hapo juu ni yenu pia, isipokuwa pua za matairi: hapo fuateni kitabu chenu, si changu. Nyinyi angalieni bushi za pini za springi na vile vining'inio vyake. Vikiisha, springi nzima huhama. Kasta yenu inarudishwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, kazi ya saa chache. Na vile vyuma bapa vikiota kutu katikati havitelezi tena kimoja juu ya kingine, gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Kuvifungua, kuvipiga brashi na kuvipaka grisi ni kazi chafu ya siku moja ambayo matokeo yake utayasikia kabla hujatoka getini. Jambo jingine la kwenu: foowili isiachwe imeingia kwenye lami kavu. Kwa wenye Land Rover, onyo linalofanana na hilo ni loki ya difu ya kati. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi na uko lami, usukani utakuwa mzito na gari litakataa kona. Kama taa imeungua, na mara nyingi imeungua, hutajua.

Springi za koili zilizochoka huonekana kwa futi. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kila kona. Ukikuta upande mmoja umeshuka, usikimbilie kubadilishana springi za kushoto na kulia: kwenye baadhi ya modeli ya upande wa dereva ni tofauti kwa makusudi. Ile mipira inayochomekwa kati ya mizunguko ya koili ili kuinua gari iondoe leo. Inaifanya springi ifanye kazi kwa sehemu tu ya urefu wake, na springi ikikatika hukatika palepale. Kuhusu shokapu, lile jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyodunda halisemi mengi kwa gari zito kama hili. Tafuta mafuta yaliyovuja. Kisha, baada ya nusu saa ya barabara mbovu, shuka uziguse kwa tahadhari: inayofanya kazi ina moto, na iliyobaki baridi kati ya wenzake imekufa. Badilisha mbili mbili kwa ekseli. Zile za kazi nzito zinazouzwa kwa magari ya safari za watalii zimetengenezwa kwa gari lililobeba. Ukizifunga kwenye gari tupu, nyuma itakuwa inarukaruka kwenye kona yenye matuta, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani.

Kabla ya kununua stabilaiza ya kupunguza kuinama, panda juu ya paa. Dizeli lita 20 ina uzito wa kama kilo 17, dumu lenyewe halijahesabiwa. Madumu manne, tairi la spea, jeki ndefu na keria ya chuma nene, umeweka watu wawili wazima juu ya gari ambalo tayari ni refu. Shusha vyote viingie ndani, karibu na sakafu, mbele ya ekseli ya nyuma. Hakuna kifaa dukani kitakachopunguza kuinama kwa kiasi hicho bila kutoa hata senti. Baada ya hapo, kama bado unataka, stabilaiza za mbele na nyuma zilizotengenezwa kwa modeli yako zinasaidia kweli kwenye lami, ingawa zinapunguza kidogo ule uwezo wa gurudumu kuzama shimoni. Funga zote mbili. Ukifunga ya nyuma peke yake, mkia unaweza kuwa mwepesi kuteleza wakati wa mvua.

Gari langu sasa linakwenda 90 likiwa limenyooka, mkono mmoja unatosha, na kwenye Kitonga linainama kama lilivyoumbwa. Breki nazimaliza kabla ya kona, si ndani yake, na nikitelemka naachia gia ibebe kazi. Zaidi ya 90 siendi. Huo ni uamuzi wangu, gari halijaniomba.

Jambo la mwisho kwa atakayefanya kazi hii mwezi huu. Bushi mpya hujikalisha, rangi iliyo chini ya bolti hupondeka, na nati uliyokaza mwenyewe kwa nguvu zako zote italegea kidogo. Rudia nati za matairi baada ya kilomita 50. Ikifika 500, lala tena chini ya gari na spana zako, ukianzia kwenye bolti za panhadi.